Samaki wa bahari ya barafu hawagandi. Je, sato wetu nao wapewe dawa hiyo?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi nauza samaki Mwaloni, Kirumba, hapa Mwanza. Mwanangu yuko kidato cha tatu, na juzi kaja na habari kwamba huko kusini kabisa mwa dunia kuna samaki wanaogelea kwenye maji yaliyo chini ya nyuzi sifuri na hawagandi, eti damu yao ina dawa. Mimi sangara nikimweka kwenye friza jioni, asubuhi ni jiwe, na nikimyeyusha anachuruzika maji mpaka wateja wananinung'unikia. Ni kweli hao samaki wapo? Na kama wapo, kwa nini dawa hiyo wasipewe sato wa vizimbani ili nyama isiharibike? Mwanangu naye anauliza: hawasikii baridi?

JIBU: Marahaba, mama. Mwanao hajakudanganya. Samaki hao wapo, na "dawa" waliyo nayo ni protini wanayoitengeneza wenyewe mwilini. Ila swali lako la pili lina mtego ndani yake, nami nitalifikia polepole, kwa sababu bila kuelewa dawa hiyo inafanya nini hasa, jibu langu utaliona la kukatisha tamaa tu.

Nianze na jambo ambalo hata wanafunzi wangu wa biolojia hulikosea. Wengi wakisikia samaki wa maji ya barafu, hufikiria maziwa yanayoganda juu huko Kanada au Ufini. Samaki wa maziwa hayo hawana dawa yoyote wala hawaihitaji. Maji baridi yasiyo na chumvi huganda kwenye nyuzi 0. Damu ya samaki wa ziwani ina chumvi kidogo, kwa hiyo yenyewe huganda baadaye kidogo, kama nusu nyuzi chini ya sifuri. Maana yake, maadamu maji anamoogelea bado ni maji, damu yake haina namna ya kuganda. Ziwa litaganda juu, yeye atakaa chini ya barafu kimya, na masika yatamkuta hai.

Hatari iko baharini, na anayeileta ni chumvi. Maji ya bahari yana chumvi ya kutosha kuyafanya yasigande mpaka yafike karibu nyuzi 1.9 chini ya sifuri. Damu ya samaki wengi wa baharini haina chumvi nyingi kiasi hicho. Yenyewe huganda kwenye nyuzi 0.7 au 0.8 chini ya sifuri. Pata picha basi: samaki yumo ndani ya maji ambayo bado yanatiririka, lakini maji hayo ni ya baridi kuliko kiwango ambacho damu yake inapaswa kuwa imeganda. Kwa hesabu, anatakiwa awe mgumu kama sangara wa kwenye friza yako, huku amezungukwa na maji.

Utauliza, kwa nini asiongeze tu chumvi kwenye damu ilingane na bahari? Papa na taa wamefanya jambo la namna hiyo, ila badala ya chumvi peke yake hujaza mwili urea, ile taka ambayo sisi huitoa kwenye mkojo. Ndiyo maana papa asipotiwa chumvi mapema hutoa ile harufu kali ya kuchoma pua. Ni urea inayogeuka amonia. Samaki wengine hawakupita njia hiyo.

Sasa, kuna kitu ambacho nina hakika umekiona hapo sokoni. Chupa ya maji inatolewa kwenye friza, maji bado ni maji, mtu anaigonga mezani au anafungua kifuniko, na mbele ya macho yako maji yote yanageuka barafu. Wengine hudhani ni mazingaombwe. Ukweli ni kwamba maji yanaweza kupoa kupita kiwango chake cha kuganda yakabaki kimiminika, mradi tu hayajapata mahali pa kuanzia. Barafu huhitaji mbegu. Ikipatikana chembe moja ya barafu, ndogo kuliko chembe ya unga, maji yote yaliyo jirani hujipanga nyuma yake.

Mnorwe mmoja, Per Fredrik Scholander, pamoja na wenzake, walikwenda pwani ya Labrador huko Kanada miaka ya 1950 na kukuta samaki wa kilindini wanaoishi hivyo hivyo, kama ile chupa. Damu yao ilikuwa imepoa kupita kiwango, lakini kwa kuwa chini kule hakuna barafu, hakuna mbegu, basi wanaishi maisha yao yote wakiwa hawajaganda. Samaki hao walipoguswa na barafu, waliganda na kufa. Lakini kwenye bahari hiyohiyo kulikuwa na samaki wengine wa maji ya juu, wanaopishana na vipande vya barafu wakati wa baridi, na hawagandi. Kwa nini? Scholander hakupata jibu.

Jibu lilipatikana Antaktika. Mmarekani Arthur DeVries, akiwa bado kijana anayetafuta shahada, alikwenda McMurdo Sound katika miaka ya 1960, mahali ambapo bahari hukaa kwenye ile nyuzi 1.9 chini ya sifuri karibu mwaka mzima, na barafu imeenea juu, kandokando na hata sakafuni. Alichukua damu ya samaki wa jamii ya notothenia, ambao ndio wengi kule, akapima. Chumvi ilitosha kueleza sehemu tu ya uwezo wao wa kutoganda. Sehemu iliyobaki ilikuwa inatoka kwenye protini fulani zilizobeba sukari. Mwaka 1969 yeye na mwalimu wake, Donald Wohlschlag, walichapisha habari hiyo, na fani nzima ikaanzia hapo.

Protini hizo ni za ajabu kwa urahisi wake. Protini ya kawaida ni kama shanga za rangi ishirini zilizotungwa kwa mpangilio mrefu. Hii ina shanga tatu tu zinazojirudia, alanini, alanini, threonini, kisha tena alanini, alanini, threonini, na kila threonini imening'iniza vipande viwili vya sukari. Ni mnyororo usio na pambo lolote. Katika lita moja ya damu huweza kuwamo kiasi cha gramu 30 hivi.

Hapo ndipo wanakemia walipokuna vichwa. Chumvi huzuia maji yasigande kwa wingi wa chembe zake: tia chembe nyingi, kiwango kinashuka zaidi, ni hesabu ya idadi, haijali chembe ni ya nini. Protini hizi ni chembe kubwa na chache. Kwa hesabu ile ya chumvi zisingeshusha chochote cha maana, lakini zinashusha mara mamia kuliko inavyotarajiwa. Maana yake hazifanyi kazi kwa idadi, bali kwa mahali zinapokaa.

Nenda Igombe au Kayenze asubuhi uangalie wanaoanika dagaa. Wametandaza turubai mchangani na kuweka mawe juu yake. Upepo wa ziwani ukivuma, turubai linavimba katikati ya jiwe na jiwe, linatunisha vifuko vidogo vidogo, lakini halinyanyuki. Kadiri mawe yanavyokaribiana, ndivyo vifuko vinavyobanwa, na ndivyo upepo unavyohitaji nguvu zaidi.

Chembe ya barafu ndani ya damu ya samaki huyo ndiyo turubai, na protini ni mawe. Barafu kidogo huingia mwilini, haizuiliki. Anameza maji, anapumua kwa mashavu, anagusana nayo. Chembe ile ikitaka kukua, protini zinaisogelea na kushikamana na uso wake. Barafu sasa inaweza kukua tu katika nafasi zilizobaki kati ya protini na protini, na inapokua hapo inajikunja, inatunisha kifuko. Uso wa barafu uliopinda kama mgongo wa kijiko ni mgumu kuongezewa maji kuliko uso ulio bapa. Hiyo ni kanuni ya fizikia ambayo haina mjadala. Kwa hiyo ukuaji unasimama. Mpaka baridi iongezeke kupita nyuzi 2 na ushei chini ya sifuri, ndipo upepo unashinda mawe. DeVries na mwenzake James Raymond walieleza hivyo mwaka 1977, na mpaka leo maelezo yao ndiyo tunayofundisha, ingawa mabishano ya namna protini inavyoshika barafu yamejaza makaratasi.

Umeona basi? Dawa hii haimpi samaki joto. Haizuii barafu isizaliwe wala haiyeyushi iliyopo. Inaikamata ikiwa changa na kuizuia isikue, basi.

Na kutoiyeyusha huko kuna gharama yake, jambo ambalo mimi hulipenda kuliko yote katika habari hii. Protini hushusha kiwango cha barafu kukua, lakini kiwango cha kuyeyuka hakishuki pamoja nacho. Hata hupanda kidogo. Kwa hiyo samaki wa McMurdo hubeba chembe za barafu mwilini, nyingine hukusanyika kwenye bandama, na bahari haipati joto la kutosha kuziondoa. Kinga yao inawafanya watembee na adui tumboni.

Protini za namna hii si za kusini peke yake. Gayogayo fulani wa pwani ya Kanada, jamaa wa hawa samaki bapa wanaofahamika Tanga na Unguja, ana yake, iliyo fupi na iliyojikunja kama springi. Huitengeneza ini lake wakati baridi inakaribia, na inapungua masika yakifika, kwa kuwa hana sababu ya kuilipia mwaka mzima. Heringi ana ya aina nyingine. Samaki mmoja kama mkunga anayeitwa kwa Kiingereza ocean pout ana ya aina nyingine tena. Hazifanani kwa umbo hata kidogo, kila moja ilitokana na protini tofauti iliyokuwa na kazi nyingine kabisa, na zote zikaishia kushika barafu.

Sisi wa Ziwa Victoria hatupaswi kushangaa sana. Ziwa letu lilikauka miaka kama 15,000 iliyopita, na kutoka hapo furu wakagawanyika wakawa mamia ya aina, wengine wa kukwangua mawe, wengine wa kuvunja konokono, wengine wa kula samaki wenzao, kabla sangara hajawapunguza. Ukimweka furu mwenye midomo minene wa kwetu kando ya jamaa yake wa Ziwa Tanganyika au Ziwa Nyasa, utadhani ni ndugu wa tumbo moja, kumbe kila ziwa lilimtengeneza wa kwake. Hata huko kwenye barafu limetokea hivyohivyo, tena kwa kiwango cha kutisha. Kodi wa kaskazini (ni jina la samaki tu, TRA haimhusu) ana protini ya kuzuia barafu inayofanana karibu kabisa na ya notothenia wa kusini, shanga zilezile tatu na sukari ileile, wakati koo hizo mbili ziliachana zamani sana. Mwaka 1997 Liangbiao Chen, DeVries na Chi-Hing Cheng walionyesha kwamba jeni ya notothenia ilitoka kwenye jeni ya tripsinojeni, yaani ile ya kutengeneza kimeng'enya cha kumeng'enya chakula. Kodi hakupitia huko. Utafiti wa baadaye umeonyesha kwamba yake ilizuka kutoka kipande cha DNA ambacho hakikuwa jeni ya kitu chochote. Jeni kutoka mahali patupu! Zamani mtu akisema hivyo darasani angechekwa.

Haya, sato wako.

Kwanza, sato hai. Ziwa letu juu huwa kati ya nyuzi 24 na 27 hivi, na sato amezoea hapo. Maji yakishuka kuelekea nyuzi 10 anakufa. Anakufa kwa baridi yenyewe, moyo na mishipa ya fahamu vinashindwa kufanya kazi, wakati barafu bado iko mbali nyuzi kumi nzima. Kumpa protini ya kuzuia barafu ni kumvalisha dereva wa bodaboda koti la kuzuia risasi ili asinyeshewe. Wakanada walijaribu kwa samaki mwenye sababu nzuri zaidi: katika miaka ya 1980, huko Newfoundland, Garth Fletcher na Choy Hew walimwekea samoni jeni ya gayogayo ili asife kwenye vizimba vya baharini wakati wa baridi. Jeni ilikaa, protini ikatengenezwa, lakini kidogo mno, haikumkinga. Kilichofaulu ni kitu kingine: walichukua swichi ya jeni ya ocean pout wakaiunganisha na jeni ya homoni ya ukuaji, wakapata samoni anayekua haraka, ambaye Marekani ilimruhusu kuliwa mwaka 2015.

Pili, sato aliyekufa, ambaye ndiye unayemwazia. Hapa ndipo ule mtego. Samaki haharibiki kwa kuganda. Anaharibika kwa bakteria na kwa vimeng'enya vyake mwenyewe, na kuganda ndiko kunakovisimamisha. Ukimzuia asigande umewafungulia mlango. Isitoshe, friza yako ikiwa nzima iko karibu nyuzi 18 chini ya sifuri, na protini ya Antaktika imeishiwa nguvu kwenye 2 na ushei. Ikishindwa, barafu haikui kwa upole; inachomoka kama sindano ndefu nyembamba. Nyama ingetobolewa vibaya zaidi.

Malalamiko ya wateja wako lakini yana dawa, na haihitaji jeni yoyote. Umewahi kula barafu ya ubuyu? Ukiifyonza, utamu wote unatoka mwanzo, unabaki na kipande cheupe kisicho na ladha. Ni kwa sababu barafu inapojijenga hupanga maji peke yake na kusukuma kando sukari, rangi na chumvi. Ndani ya nyama ya sangara inatokea hivyohivyo: maji yanajitenga, yanajikusanya kuwa fuwele, yaani vipande vya barafu vyenye ncha, na fuwele zikiwa kubwa zinachana nyama. Ukiyeyusha, maji hayana tena mahali pa kurudi, yanachuruzika na uzito wako unakwenda nayo.

Ukubwa wa fuwele unategemea mwendo. Sehemu kubwa ya maji ya nyama huganda kati ya nyuzi 1 na 5 chini ya sifuri. Viwanda vya minofu vina mashine za kupuliza hewa ya nyuzi 30 au 40 chini ya sifuri. Mnofu unavuka eneo hilo haraka, fuwele zinakuwa nyingi na ndogo. Friza ya nyumbani iliyojazwa sangara wazima kilo nne nne hulivuka usiku kucha. Kisha umeme unakatika, unarudi, unakatika. Kila joto likipanda kidogo, fuwele ndogo zinayeyuka, na likishuka maji yake yanajiunga na zile kubwa. Mwezi mmoja wa namna hiyo, nyama imekuwa sifongo. Hapa kweli protini ya kuzuia barafu ingefaa, kwa sababu hata ikiwa kidogo sana huzuia fuwele zisimezane. Kampuni ya Unilever iliitumia kwenye aiskrimu, ile ya ocean pout, ikitengenezwa na hamira badala ya kukamua samaki. Lakini aiskrimu inakorogwa, protini inachanganyika. Mnofu haukorogwi.

Basi fanya hivi. Samaki apoe kwanza kwenye barafu, usimwingize kwenye friza akiwa na joto la mtumbwi. Mkate vipande, vifungie bapa, vipange safu moja vikigusa ukuta wa friza mpaka vigande, ndipo uvirundike. Umeme ukikatika usifungue kuchungulia. Aliyeyeyuka auzwe siku hiyo, asirudishwe.

Na kama unamuuza ndani ya siku chache, achana na friza kabisa. Barafu ya kusaga inamweka kwenye nyuzi 0, na kwa kuwa nyama yake haigandi mpaka kama nyuzi 1 chini ya hapo, hachanwi na fuwele hata moja. Mzungushie barafu pande zote, tumboni pia, na boksi liwe na tundu la kutoa maji. Sangara na sato wana bahati ambayo kodi wa Ulaya hana: bakteria walio juu yao ni wa maji ya nyuzi 25, na wengi hulegea kabisa wakikutana na barafu. Wale wa kodi wamezaliwa kwenye baridi, wanaendelea na kazi. Kodi kwenye barafu hukaa kama wiki mbili; samaki wa maji ya joto mara nyingi hupita hapo.

Mwanao aliuliza kama wanasikia baridi. Mwambie DeVries na George Somero waliwapima samaki wa McMurdo mwaka 1967, wakakuta wanakufa kwa joto maji yakifika kama nyuzi 6 tu juu ya sifuri. Maji ya kunywa unayoyatoa kwenye friji, ukimwaga kwenye beseni ukamtia samaki yule, baada ya muda si mrefu angeelea tumbo juu kwa kuzidiwa na joto.